Wanajiondoa, wanaondolewa ao wanasogea? Neno moja la Kiingereza na sisi wa Fizi

Leo sina habari ya risasi wala ya bei ya unga wa muhogo. Nina habari ya neno. Ni kitenzi cha Kiingereza, disengage, pamoja na ndugu yake wa Kifaransa, désengager. Tangu miaka michache maneno haya mawili hayakosi katika matangazo yanayotufikia kwa simu: ya Umoja wa Mataifa, ya serikali ya Kinshasa, ya mazungumzo ya Washington. Yanafika yakiwa yamevaa suti. Sisi waandishi wa redio za jamii ndio tunaopaswa kuyavua suti hiyo na kuyasema kwa Kiswahili, tena haraka, kwa sababu habari ya jioni haingoji na betri ya sola nayo inashuka.

Ukifungua kamusi utakuta maana kama hizi: kutenganisha vitu vilivyoshikana, kujitoa, kuachana, kulegeza. Unaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini chukua maneno hayo uyapeleke kwa familia inayolala chini ya turubai, uyatangaze moja moja kuhusu askari walewale, halafu uone. "Wamejitoa" maana yake wamekwenda. "Wameachana" maana yake waliokuwa wanapigana wamesimama, lakini wote bado wapo. "Wamelegeza" maana yake hawajaondoka hata hatua moja. Na mtu anayeamua kurudi shambani kwake kesho asubuhi anaamua kwa neno hilo.

Mwezi wa 12 mwaka 2025 tulilionja jambo hili. Waasi wa AFC/M23 waliingia Uvira siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia sahihi mapatano huko Washington tarehe 4. Watu wengi wakavuka kwenda Burundi, wengine wakashuka kandokando ya ziwa kuja huku Fizi, kwa miguu, kwa mitumbwi, kwa pikipiki. Katikati ya mwezi huohuo kundi lile likatangaza kwamba litaondoa watu wake mjini. Kesho yake mama mmoja wa Uvira aliyefikia kwa shemeji yake hapa Baraka alinisimamisha njiani.

"Mwandishi," akasema, "tupakie ao tubakie?"

Tofauti ni herufi moja. Kupakia ni kufunga godoro, sufuria na watoto juu ya pikipiki na kurudi karibu kilomita 90 kwa barabara ya taifa namba 5, kupita Nundu, Mboko na Makobola, ukilipa kwenye kila kizuizi. Kubakia ni kuendelea kula kwa shemeji ambaye ndagala zake ni za watu sita, na sasa ninyi wote ni kumi na mmoja. Nilimjibu: "Mama, tangazo linasema watatoka. Halijasema wametoka. Na halikusema nani ataingia wakishatoka."

"Mimi nilisikia wametoka."

"Ulisikia kwa redio?"

"Kwa jirani."

Ndivyo habari inavyotembea kwetu. Redio inasema "wataondoka", jirani wa kwanza anasema "wanaondoka", wa tatu anasema "wameondoka", na kufika chini ya mwembe watu wanatafuta mtumbwi. Silabi tatu katikati ya kitenzi, -ta-, -na-, -me-, zinabeba uhai wa watu, na ndizo za kwanza kudondoka njiani. Yule mama alibaki. Nduguye mdogo alipakia, na wiki nzima tulikuwa tunamtafuta kwa simu bila kumpata, mpaka alipopiga mwenyewe akiwa Mboko, alikorudishwa pamoja na wengine. Hakufika hata Makobola.

Tuchimbe mzizi kidogo. Ndani ya disengage kuna neno la zamani la Kifaransa, gage. Gage ni rehani. Kila mtu wa Baraka anaijua: umekosa pesa ya dawa, unaacha simu yako kwa mwenye duka, unachukua pesa, na simu inakaa kwenye droo yake mpaka ulipe. Engager ilikuwa kuweka kitu rehani. Baadaye ikawa kujifunga kwa ahadi, kuajiri mtu, kuingia vitani. Waingereza waliichukua hivyohivyo, ndiyo maana kwao msichana aliyeposwa anaitwa engaged: ahadi imewekwa, posa imepokelewa. Hiyo dis- ya mbele ni ya kugeuza. Kwa hiyo disengage, ukiitazama chini kabisa kwenye mizizi, ni kwenda kukomboa rehani yako, kujifungua kutoka kwa ahadi.

Nalipenda jambo hili kwa sababu linaleta swali ambalo matangazo hayapendi kuulizwa. Mtu akisema anajifungua, alikuwa amefungwa na ahadi gani, na alimwahidi nani?

Chukueni MONUSCO. Umoja wa Mataifa ulianzisha MONUC mwezi wa 11 mwaka 1999. Mwezi wa pili mwaka 2000 Baraza la Usalama, kwa azimio 1291, liliwapa askari wake ruhusa ya kulinda raia walio katika hatari ya karibu ya kushambuliwa, pale watakapokuwa na uwezo. Mwaka 2010 jina likageuka kuwa MONUSCO, na ulinzi wa raia ukazidi kuwekwa mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa rehani. Kisha, tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 2023, serikali yetu na MONUSCO wakatia sahihi Kinshasa mpango wa kuondoka, na mwezi uliofuata Baraza la Usalama likaukubali kwa azimio 2717. Kwa Kifaransa mpango huo uliitwa plan de désengagement. Kivu Kusini tulikuwa wa kwanza. Tarehe 28 mwezi wa pili mwaka 2024 kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa kwa polisi ya Kongo, kambi nyingine zikafuata, na mwisho wa mwezi wa 6 mwaka huo kazi ya MONUSCO katika jimbo letu ikafungwa. Kivu Kaskazini na Ituri wao walibaki nayo.

Katika miezi ile nilikuwa nasikiliza redio tatu. Moja ilisema "MONUSCO inajiondoa". Ya pili ilisema "MONUSCO inaondolewa". Ya tatu ilisema "MONUSCO inaondoka". Habari ilikuwa moja, karatasi ilikuwa moja, na wasikilizaji wakapata hadithi tatu. Katika ya kwanza, hiyo -ji- inasema mgeni ameamua mwenyewe, amechoka, labda anatukimbia. Katika ya pili kuna mtu aliyemtoa, na watu wanamtafuta: ni serikali, iliyoomba mwaka 2023 kwamba kuondoka kuharakishwe? Ni vijana wa maandamano ya mwezi wa 7 mwaka 2022, yaliyofika mpaka Uvira? Ya tatu haimtaji mtu. Mgeni ameaga, basi. Kiingereza na Kifaransa vinaweza kutengeneza jina kutoka kwa kitenzi, "the disengagement", na kulipitisha mezani bila kusema nani amemtoa nani. Kiswahili kinakubana zaidi. Ukishafungua mdomo na kitenzi, lazima kiambishi kiseme.

Na rehani ilikwenda wapi? Kwa karatasi, jukumu la kulinda raia lilihamia kwa serikali, jeshi na polisi, ambao kwa sheria lilikuwa lao tangu mwanzo. Kwetu Baraka askari wa Pakistan walikuwa wamezoeleka. Wapo waliowasifu, wapo waliosema wanafika risasi zikishakwisha. Mimi sitoi hukumu hapo. Ninachosema ni kwamba watu waliosikia "kujiondoa" walijiuliza tumewakosea nini, na waliosikia "kuondolewa" walipiga makofi, na wote wawili waliishi mtaa mmoja na walilala usiku uleule bila doria ile waliyoizoea.

Wengine watafikiri neno hili ni jipya. Wazee wetu walilipata zamani, ila halikuwafikia masikioni. Mapatano ya Lusaka ya mwezi wa 7 mwaka 1999, yaliyotaka kusimamisha vita vya Kongo, yalizungumzia disengagement ya majeshi. Mwezi wa 4 mwaka 2000 huko Kampala wakapanga jinsi ya kuifanya: kila upande urudi nyuma kilomita 15 kutoka mstari wa mapigano, ili katikati pabaki nafasi na MONUC ichunguze. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla majeshi hayajaanza kweli kusogea, mwezi wa 3 mwaka 2001.

Tazameni maana yake pale. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Jeshi la kigeni lililokuwa Kongo lilibaki Kongo, kilomita 15 nyuma. Hiyo ndiyo maana ya kijeshi ya disengage: kuachanisha waliokumbatiana kwa risasi ili wasifikiane, kama watu wanavyowatenganisha vijana wawili wanaopigana sokoni. Ukiwatenganisha hukuwapatanisha, wala hukuwapeleka kwao. Kiswahili chake cha kweli ni "kusogea nyuma" au "kuachana kwa umbali". Mtu akikitafsiri "kuondoka", amedanganya bila kutaka.

Na kwa sisi wa Fizi kulikuwa na jambo jingine. Mstari ule uliochorwa kwenye ramani ulikatisha katikati ya nchi, mbali na hapa. Huku kwetu vita vilikuwa kati ya RCD na Mai-Mai, na Mai-Mai hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi Lusaka. Kwa hiyo mwaka 2001, wakati redio za dunia zinasema majeshi ya Kongo yameachana, watu wa hapa walikuwa bado wanalala milimani, na wengine wengi walikuwa ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996. Habari ilikuwa ya kweli. Haikuwa ya kweli hapa. Mwandishi wa habari za jamii anapaswa kukumbuka hilo kila anaposoma tangazo lenye neno "Kongo": Kongo ipi, barabara ipi, kijiji kipi?

Dunia nayo ina mfano wake. Mwaka 1974 Israeli na Syria walikubaliana kuachanisha majeshi yao kwenye milima ya Golan, na Umoja wa Mataifa ukaunda kikosi cha kuangalia, UNDOF. Neno disengagement limo ndani ya jina lenyewe la kikosi. Kilipewa miezi sita. Tangu hapo kinaongezewa miezi sita, halafu sita tena, na sasa imepita miaka 50. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ni babu.

Sasa turudi kwenye karatasi za siku hizi, kwa sababu hapa ndipo neno linapokuwa na vichwa vitatu. Mapatano ya amani ambayo mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2025 yana sehemu inayosema juu ya disengagement, kunyang'anya silaha na kuingiza kwa masharti watu wa makundi yenye silaha yasiyo ya serikali. Pale neno linamhusu mpiganaji: aachane na kundi lake. Mapatano hayohayo yanategemea mpango mwingine wa tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 2024, ambao jina lake refu linasema mambo mawili: kuwamaliza nguvu FDLR, na "disengagement ya majeshi/kuondoa hatua za ulinzi za Rwanda".

Angalieni hako kamstari kalikolala katikati. Upande mmoja wa kamstari kuna maneno ambayo Kongo inaweza kwenda nayo nyumbani: majeshi yanatoka. Upande wa pili kuna maneno ambayo Rwanda inaweza kwenda nayo nyumbani: tulikuwa na hatua za kujilinda tu, tunaziondoa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba askari wa Rwanda wako Kongo wakisaidia M23, Rwanda inakataa. Basi wale waliokaa mezani hawakukubaliana juu ya kinachoondolewa, wakakubaliana kukiandika mara mbili na kuweka kamstari. Simaanishi kuwacheka. Pengine bila kamstari kale wasingetia sahihi kabisa. Lakini nani atakasoma kamstari kwenye redio? Kwa maikrofoni hakana sauti. Mtangazaji anachagua upande mmoja, na akishachagua, wasikilizaji wanajua, au wanadhani wanajua, yeye ni wa nani. Hapa Fizi, ambapo Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliru, Wabuyu, Wavira na wengine wanasikiliza kituo kimoja, hilo si jambo dogo. Mimi nasema zote mbili, nikitaja nani anasema ipi. Habari inakuwa ndefu. Afadhali iwe ndefu.

Kuna mtu atasema Kiswahili chetu hakina maneno ya kutosha kwa mambo ya kijeshi na ya kidiplomasia. Sikubali hata kidogo. Kwenye jambo hili la kuachanisha vitu, lugha yetu ni tajiri kuliko hiyo ya suti. Mkumbuke tulivyojifunza bila mwalimu: unafunga, unafungua. Unaziba, unazibua. Unatega, unategua. Unakunja, unakunjua. Unachomeka, unachomoa. Unatandika, unatandua. Ile -ua au -oa mwishoni ni mkono unaorudi kufanya kinyume cha ulichofanya mkono wa kwanza. Nenda ufukweni asubuhi uwaangalie wavuvi na nyavu za kunasa. Samaki amenasa kwa mashavu, mvuvi anamnasua, taratibu, ili asikate uzi wala kuharibu samaki. Samaki akipata bahati akatoka mwenyewe kabla ya kuvutwa, amejinasua. Uzi ukioza akaanguka majini, amenasuka. Vitenzi vitatu, na katika kila kimoja unajua mkono ulikuwa wa nani: wa mvuvi, wa samaki mwenyewe, au hakuna mkono, ni kuoza tu. Muulize mwenye suti anipe neno moja la Kiingereza linalotenganisha hayo matatu bila kuongeza maneno mengine.

Madereva nao wanalo la kwao. Disengage hutumika pia kwa mashine: sehemu mbili zilizokuwa zikisukumana zinaachana. Dereva wa Fuso anayeshuka mlima akitoa gia, injini na magurudumu vimeachana. Lakini gari halijasimama! Injini inanguruma, na magurudumu yanakwenda kwa uzito wa mlima. Nimesikia zaidi ya dereva mmoja akionya vijana wake juu ya hilo. Ninapoona tangazo kwamba pande mbili "zimejitenga" katika kijiji fulani, huwa nauliza kwanza kama kuna mtelemko.

Nimesema neno linawahusu wapiganaji pia, na hapa watu wa Fizi wana lugha yao ambayo hakuna karatasi imeizidi. Mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 2021, P-DDRCS, una jina linaloanza na kunyang'anya silaha na kuvunja vikosi. Mashirika ya watoto yanasema "watoto waliotoka katika makundi yenye silaha". Sisi tunasema "ametoka porini". Mwaka jana nilizungumza na mama mmoja wa upande wa Lulimba ambaye mtoto wake wa kiume alirudi baada ya miaka mitatu. Nikamuuliza, kama tunavyouliza sote, "Mama, ametoka porini?" Akajibu, "Yeye ametoka, papa. Pori ndilo halijamtoka." Kijana alikuwa amekaa mlangoni, mgongo ukutani, akiangalia njia. Hawezi kukaa na mgongo kwenye nafasi. Akisikia pikipiki anasimama. Hakunyang'anywa kitu siku hiyo, hakuna aliyempa karatasi, na kwa hesabu ya ofisi sijui kama yumo. Kwa hesabu ya mama yake amerudi nusu.

Yule mama alinifundisha kwamba kitenzi hiki kinahitaji pande mbili. Kuna anayetoka, na kuna kile anachotoka. Mpiganaji anaweza kuacha kundi, na kundi lisimwache: linamtafuta, linamdai bunduki, linamtishia baba yake. Jeshi linaweza kuacha mji, na mji ukabaki na kodi lililoweka, na majirani waliosemana vibaya, na nyumba ambazo mwenyewe akirudi anakuta mtu mwingine anapika ndani. Hii ya nyumba ni ya kila siku hapa Baraka. Tangu mwaka 2005, meli zilipoanza kuwaleta kutoka Kigoma wale waliokuwa Tanzania, watu wa hapa wanajua maana ya kurudi ukakuta kiwanja chako kimeota ukuta wa mtu. Wazee na viongozi wa mitaa wametumia miaka kunasua kesi hizo, moja moja, na nyingine bado zimenasa.

Basi siku hizi, tangazo lenye neno hili linapofika, mimi na wenzangu wawili wa zamu hatuanzi kwa kamusi. Tunapiga simu. Tunamuuliza mtu wa kijiji kinachotajwa, mwenye kuona kwa macho, maswali manne au matano: Nani ametoka? Ametoka wapi, amesimama wapi sasa? Amekwenda au atakwenda? Nani amekaa pale alipokuwa? Kizuizi cha barabarani bado kipo, na nani anakusanya? Hili la mwisho watu hulidharau, lakini kwangu ndilo bora kuliko yote, kwa sababu mwenye kukusanya pesa kwenye kamba ndiye aliyepo, hata kama karatasi inasema hayupo. Tukipata majibu tunachagua kitenzi. Tukikosa, tunasoma tangazo kama lilivyo, tunasema limetoka kwa nani, na tunasema wazi kwamba hatujapata mtu wa kijijini wa kulithibitisha. Kuna wasikilizaji wanaoona hiyo ni kuzungukazunguka. Kijana mmoja aliniambia, "Yaya, ninyi mnachelewesha furaha." Inawezekana.

Tumekubaliana pia juu ya Kiswahili chenyewe, na nawaandikia hapa ili mtukamate tukiteleza. Majeshi yakiongeza umbali kati yao lakini yakabaki, tutasema "wamesogea nyuma", na tutataja wamesogea mpaka kijiji gani. Wakitoka kabisa katika eneo, "wameondoka". Wakitangaza tu, "wametangaza kwamba wataondoka", yote hayo, hata kama mdomo umechoka. Mgeni aliyeombwa na mwenye nyumba kuondoka, "anaondoka kwa ombi la serikali". Hapo -ji- na -w- tumeziweka kando zote mbili. Mpiganaji, "ametoka porini", na kama ameandikishwa au hakuandikishwa tutasema. "Kujitenga" tumelifuta kwa habari za silaha, maana kwa wazee wengi linasikika kama mtu aliyenuna, na kwa vijana linawakumbusha korona.

Wale mnaotusikia kwa Kibembe, Kifuliru, Kinyamulenge au Kirundi, mnaweza kuwa na kitenzi kizuri kuliko vyetu. Mtuletee kwa mwandishi wa mtaa wenu au mpige simu saa ya kipindi cha salamu. Na mtusaidie mapema, kwa sababu kuna neno jingine limeanza kuonekana kwenye karatasi, cantonnement, kukusanya wapiganaji mahali pamoja kabla ya kuwapokonya silaha. Juzi kijana wa pikipiki alisikia kwamba kunajengwa "kambi" karibu na kwao, akamwambia dada yake aliyehama aende akaandikishe watoto mapema kabla nafasi hazijaisha.